Kuchoma kwa upanga juu ya farasi: tazama mpini kabla ya bapa

Nilipoanza mazoezi ya kuchoma vigingi kwa upanga, huku Oman, yaani kudunga kwa ncha ya upanga kigingi kilichosimikwa ardhini huku farasi akikimbia, kila upanga nilioshika niliutazama bapa: urefu wake, chuma chake, ncha yake. Mpini niliushika tu. Kosa hilo lilinila muda mrefu, na sipendi likule na wewe.

Upanga wangu wa mwanzo ulikuwa talwari, ule wa Kihindi uliopinda, wenye kisahani cha chuma kwenye kitako cha mpini. Ukikata nao kwa kuvuta, kisahani kile kinautuliza mkono vizuri sana. Sasa nyoosha mkono mbele, ncha itangulie. Ukingo wa kisahani unakuchimba kwenye kifundo cha mkono. Ukikikunja kifundo ili usiumie, ncha nayo inaacha njia yake. Nikawa napita juu ya kigingi siku baada ya siku, nikidhani sijui kulenga.

Farasi akipiga shoti anakwenda kama mita 11 kwa sekunde. Ukishaegama na kuteremsha mkono huna wakati wa kurekebisha ncha. Nguvu ya pigo inatoka kwa farasi. Kazi yako ni kuhakikisha bega, mkono na bapa vimekaa kwenye mstari mmoja, na mpini ndio unaokuruhusu au kukunyima mstari huo.

Waingereza walilifikiria jambo hili kwa makini katika upanga wao wa wapanda farasi wa mwaka 1908. Bapa ni jembamba, limenyooka, lina karibu sentimita 89. Mpini umeinamishwa kama wa bastola, na mgongoni una kibonyeo cha dole gumba. Kinga ya mkono ni bakuli kubwa la chuma, na kwa kuwa uzito huo uko karibu na kiganja, ncha inakuwa nyepesi. Inasemekana Mfalme Edward VII alipoonyeshwa aliuona unachukiza, kisha akaukubali. Mimi nauona mzuri mno, kwa sababu kila kipande chake kina kazi. Miaka mitano baadaye Marekani nao wakapata upanga ulionyooka wa kuchomea, uliobuniwa na George Patton, jenerali maarufu wa baadaye katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati huo akiwa luteni.

Siku niliyoshika nakala ya ule wa 1908, nilinyoosha mkono nikakuta ncha iko pale pale macho yangu yalipolenga.

Kipimo chenyewe ni rahisi, nawe kifanye kabla hujatoa pesa. Kaa juu ya tandiko, hata likiwa limewekwa juu ya pipa. Vaa glavu utakazopandia. Lenga alama ukutani, fumba macho, shusha mkono, kisha unyooshe tena na ufumbue. Ncha ikipanda juu kuliko alama kila mara, badala ya kuigusa, mpini huo haukufai wewe. Usijipe moyo kwamba utauzoea.

Angalia pia umbo. Mpini wa mviringo kamili unazunguka kiganjani ncha inapogonga; wenye umbo la yai unatulia. Kitako chenye uzito kiasi kinasaidia kurudisha mizani nyuma, lakini kisiwe na pembe wala kisichomoze mpaka kigonge kifundo.

Na jambo ambalo wengi hawalijali ni kuutoa upanga. Ncha ikishaingia, farasi hasimami. Kigingi kinabaki nyuma yako, nawe lazima uuache mkono upitwe, uende nyuma sambamba na nyonga, huku kifundo kikigeuka bila kizuizi. Ukiushika mpini kwa ngumi iliyokaza, bega ndilo litakalolipa. Mimi hushika kwa dole gumba na vidole viwili vya mbele, viwili vya mwisho navilegeza mara tu ninaposikia pigo, na kamba ya upanga, ile inayouzunguka mkono, naifunga kwa ulegevu unaoniwezesha kuchomoa mkono wote upanga ukikwama.