Weka chini huo msumeno kwanza (jibu kwa yule wa kiti cha mjomba)

Hapana. Hapana kabisa. Nimesoma mpaka pale umeandika "kiti cha zamani cha mjomba, kiko tu juu ya kabati kimefungwa kitambaa, hakuna mtu anakikalia, nataka kukikata katikati nikipake rangi ya roze kwa maonyesho ya mwisho wa mwaka", nikaacha simu, nikatoka inje kupumua. Maswali yako mengine nimeyaona, ile ya kama ndizi ya ukutani ni sanaa, ile ya wasanii gani wa leo ufuate, na zile zingine, nitarudia. Kwanza huo msumeno uko wapi?

Nakuambia juu mimi nilishafanya hiyo. Yangu haikuwa kiti, ilikuwa picha.

Nkambo wangu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, mama ya mama, alikuwa na picha ku saloni, ile ya Kolonia Beleje, maana yake koloni ya Wabeleji. Mtu wa Lubumbashi anaijua, lakini kwa wengine: mfungwa amelala chini kifudifudi, askari mweusi anamchapa fimbo, mzungu wa kofia amesimama anaangalia, bendera ya buluu na nyota ya manjano, na pembeni wamama wameleta chakula. Imechorwa juu ya gunia ya unga. Babu aliinunua 1975 kwa mchoraji mwenye kupita mulango kwa mulango. Mimi nimekula bukari (ugali) chini ya hiyo picha utoto wangu wote na sikuwahi kuuliza hata neno moja.

Sasa nikiwa mwaka wa tatu wa shule ya sanaa ndjo akatokea mukubwa mumoja, jina lake nalimeza, alikuwa amekaa Ulaya wiki tatu, wiki tatu tu ndugu yangu, akarudi na skafu shingoni, mwezi wa kumi, Lubumbashi, joto unalijua. Huyo akatuambia kwamba uchoraji wa saloni ni ufundi wa mtaani, si sanaa, kwamba msanii wa leo hachori, msanii wa leo "anafanya tendo". Akatutolea mifano. Kwamba Rauschenberg, msanii wa Amerika, 1953 alichukua mchoro wa de Kooning, mchoraji mwenye jina kubwa, akaufuta wote na raba na leo hiyo karatasi tupu inaheshimiwa. Kwamba Ai Weiwei, msanii wa China, 1995 aliachilia chungu cha zamani sana cha enzi ya wafalme wa Han wa China kikavunjika chini akapigwa picha. Kwamba hata hapa kwetu Sammy Baloji, msanii wa picha za kamera, anachukua picha za zamani anazikata. Sisi tukaandika yote kama watoto wa katekisimu.

Nkambo akaenda Likasi kwenye kilio, siku nne. Siku ya pili mimi nilishaitoa picha ukutani. Nikaazima mkasi wa fundi cherehani wa jirani (alifikiri nakata kikwembe, yaani kitenge, pole yake), nikaikata vipande 14, nikavifunga na waya ya kutu, na kile kipande cha chini kabisa nikakichoma na kiberiti pembeni ili kiwe na "moshi wa historia". Ndiyo, hivyo ndivyo niliandika kwenye maelezo, kwa Kifaransa, ukurasa moja na nusu, neno dekonstruksio mara sita. Ukitaka kucheka cheka, mimi nilishamaliza zamu yangu.

Unajua pembe ya chini ya hizo picha kunakuwaka nini? Jina ya mchoraji. Sikuangalia. Nilichoma jina ya mtu bila kulisoma.

Siku ya jopo, mzee mumoja kati ya wale wanaotoa alama akasimama mbele ya vipande vyangu muda mrefu, mimi najisikia tayari niko Venice kwenye maonyesho makubwa ya sanaa, kisha akaacha Kifaransa akaniuliza kwa Kiswahili: "Hii ilikuwa ya nani?" Nikajibu ni materiali. Akauliza tena, ya nani. Nikasema ya nyumbani. Akaandika kitu kwenye karatasi yake akaenda. Nilipata 11 kwa 20, na hiyo 11 nafikiri ni huruma ya waya.

Kesho yake nkambo akaja. Dada yangu ndjo alimwambia. Alivaa kikwembe cha kanisa, hakulalamika, hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alipita kipande kwa kipande anatafuta. Akafika kwenye kile cha wamama wa chakula, kile chenye mama wa kitunga kichwani, akasema "huyu ndjo mama yangu". Kwamba mama yake alikuwa anapeleka chakula gerezani kwa kaka yake, na babu aliponunua ile picha ni juu ya huyo mwanamke wa pembeni, wala si juu ya fimbo. Wageni wakija walimwonyesha, ndjo hadithi inaanza. Watoto wote wa nyumba wanaijua isipokuwa mimi, msomi wa sanaa. Akafungua waya na vidole vyake, akakunja kile kipande ndani ya kikwembe, akaenda kutafuta teksibisi.

Nilijaribu kubandika vilivyobaki na kole (gundi). Usiniulize. Ukutani kwake sasa kuna mraba mweupe mahali jua halikufika, ameweka kalenda lakini kalenda ni ndogo.

Sasa rudi kwa yule wa skafu, juu hasira yangu na yeye haijaisha. Alidanganya kwa kuacha nusu inje! Rauschenberg ALIENDA KUOMBA. Aligonga mulango ya de Kooning, akaeleza anachotaka kufanya, na de Kooning mwenyewe akachagua mchoro, tena akachagua ule ambao utamuuma kuukosa na wenye kuwa mgumu kufutika, jamaa akafuta wiki kadhaa. Ai Weiwei alivunja chungu chake mwenyewe. Na Baloji, mtoto wa hapa hapa, zile kazi zake za 2006 za wafanyakazi wa zamani wamesimama mbele ya magofu ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, anafanya na kopi! Picha zenyewe za zamani zimebaki mahali pake, hakuna aliyekwenda na kiberiti. Hii yote iko wazi kwa mtu yeyote mwenye megabaiti za kutafuta, yeye hakutuambia, na sisi hatukutafuta.

Na ile "ufundi wa mtaani" ndjo inaniudhi zaidi. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mtaani kabisa, naye alichora hizo Kolonia Beleje, na kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yote, picha zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu mbele ya Johannes Fabian, mtafiti aliyekuwa anafundisha hapa. Fabian ndjo aliandika kwamba watu wa hapa walikuwa na jina kwa hizo picha za saloni: ukumbusho. Leo zile za Tshibumba ziko Amsterdam kwenye jumba la makumbusho. Amsterdam wanaziwekea taa na hewa ya baridi, mimi nimeziwekea waya ya kutu. Yangu ilikuwa ya mkono wake? Sitajua. Nimeshakuambia pembe iko wapi.

Haya, kiti chako. Umeandika mwenyewe "kimefungwa kitambaa, hakuna mtu anakikalia" kama vile ni ushahidi kwamba ni takataka. Wewe si umesema mjomba ni Muluba? Viti vya wafalme wa Waluba, vile vyenye mwanamke anabeba kikalio na mikono, vilikuwa vinafungwa kitambaa cheupe vinafichwa, vinatolewa kwa nadra sana, na kukaliwa hakukuwa kazi yake ya kila siku. Sisemi cha mjomba ni cha mfalme, labda ni kiti cha soko tu. Nasema kitambaa hakijifungi chenyewe. Kuna mtu alikifunga na ana sababu, na sababu hiyo pengine ni kazi nzuri kuliko roze yako. Muulize: nani alikufungia hiki, na ukikifungua ni siku gani. Muulize kwa Kiswahili ao Kiluba, acha Kifaransa cha shule, na kaa mbele ya kiti saa nzima bila simu. Akikataa, unachora kitambaa. Akikubali kukatwa, sawa, kata, sitakusumbua, lakini akubali kwa mdomo wake, hata mbele ya shangazi.

Ile ya ndizi, fupi. Maurizio Cattelan aliibandika na tepi Miami 2019, mtu akaja akaila, wakaweka ingine, juu kinachouzwa ni cheti na maelekezo ya kuibandika, ndizi yenyewe inabadilishwa. 2024 imeuzwa zaidi ya dola milioni 6 na mnunuzi naye akaila. Ni sanaa ao si sanaa mimi nimechoka kubishana, lakini angalia hiyo moja: ndizi ikiliwa unaenda soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, unaleta ingine. Mjomba ana viti vingapi?

Kama unatamani sana kukata kitu, Jean Katambayi Mukendi ni wa hapa Lubumbashi, anafanya mashine za ajabu na makartoni, na makartoni hayana shangazi. Kata kartoni.

Uliuliza pia mahali pa kupata rangi na kitu ingine sikumbuki, watakujibu wengine. Umesema mjomba anarudi Jumamosi. Kiti bado kiko juu ya kabati ao umeshakishusha?