Silali mpaka adhana ya alfajiri, shangazi nisaidie

"Shangazi, mume wangu yuko Juba kibiashara, mimi napikia madereva wa malori hapa Malaba. Miezi sita sasa usiku macho kodo mpaka adhana. Nameza Piriton mbili ndo nipate kausingizi, mchana nakunywa enaji ndo nisimame. Kichwa kinagonga, watoto nawafokea ovyo, juzi nimeungua mkono na mafuta ya chapati. Simu nalala nayo chini ya mto maana mume hupiga saa sita usiku. Jirani anasema nimerogwa. – Macho Kodo, Malaba"

Pole mwanangu. Huyo jirani mwache kwanza, mchawi mwenyewe naona yuko chini ya mto wako. Mtu anayesubiri simu halali, anasinzia huku sikio liko macho, na ukifanya hivyo miezi sita mwili unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kungojea.

Sasa hiyo Piriton. Ni dawa ya aleji, ya mafua na kujikuna, usingizi ni madhara yake tu, na ukiizoea haikushiki tena ila asubuhi inakuacha mzito, kwa hiyo mimi huo mkono ulioungua siushangai hata kidogo. Usiongeze ya tatu! Na enaji ukinywa saa kumi jioni, ikifika saa tatu usiku karibu nusu ya kafeini bado inazunguka kwenye damu, halafu unajiuliza kwa nini hulali, jamani.

Usiku ukilala vizuri presha inashuka, moyo unapata nafuu. Asiyelala hiyo nafuu haipati, ndo maana watu wa kukesha miaka wanakuja kuwa na presha, sukari, na unene pia kwa sababu njaa yenyewe inavurugika, utajikuta usiku wa manane unatafuna andazi la jana. Mafua nayo hayakuachi. Hasira kwa watoto ni humo humo, wala hujawa mama mbaya.

Fanya hivi: mume apige baada ya magharibi, simu ilale chumba kingine. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, na ukiona umegeuka geuka kama dakika 20 toka kitandani, kaa mahali penye giza giza, sikiliza redio kwa sauti ya chini, rudi usingizi ukija. Wiki za kwanza utachoka kweli, vumilia.

Lakini kwanza nenda helthi senta. Kukosa usingizi usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu tayari ni ugonjwa unaotibika, na wewe umepitisha. Wapime presha na sukari, na uwaambie wazi kama unakoroma, au kama kuna siku unaona maisha hayana maana, usione haya.

Mume akinung'unika kuhusu saa za kupiga mwambie ni shangazi ndo kasema.