Maswali na Majibu: Garmen, Manispaa ya Vijiji 16 Nchini Bulgaria

Garmen inaitwaje manispaa ilhali haina mji hata mmoja? (Msomaji, Morogoro)

Kwetu Tanzania manispaa ni mji uliokua, na ndiyo maana neno hilo linatatiza. Bulgaria ina manispaa 265, na kila moja huitwa obshtina, yaani eneo lenye meya na baraza lake, liwe na jiji au vijiji vitupu. Kwa hiyo Garmen inafanana zaidi na halmashauri ya wilaya. Imo katika mkoa wa Blagoevgrad, kusini-magharibi mwa nchi, na makao yake ni kijiji chenye jina hilohilo. Mji wa karibu, Gotse Delchev, uko nje ya mipaka yake.

Je, ni nchi ya milima au ya tambarare? (Msomaji, Nakuru)

Ni ya vyote viwili, na tofauti hiyo ndiyo inayoieleza Garmen. Upande wa chini limo bonde la mto Mesta, ambao ukiingia Ugiriki huitwa Nestos na kumwaga maji yake katika bahari ya Aegean. Katika ardhi hiyo yenye rutuba Warumi walijenga mji wa Nicopolis ad Nestum mwanzoni mwa karne ya 2, zama za Kaisari Trajan, na magofu yake yangali yanaonekana karibu na kijiji cha Garmen. Chemchemi za maji moto ziko katika kijiji cha Ognyanovo. Ukipanda kutoka hapo unaingia Dabrash, sehemu ya magharibi ya milima ya Rhodope, penye misitu ya misonobari.

Nasikia vijiji vya Bulgaria vinabaki mahame. Je, na huko ni hivyo? (Msomaji, Zanzibar)

Bulgaria ilikaribia watu milioni 9 miaka ya 1980, na sensa ya 2021 ilihesabu milioni 6.5 tu. Hata hivyo, naomba tusiihukumu Garmen kwa wastani wa taifa. Kovachevitsa, kijiji cha Wakristo chenye nyumba nzuri mno za mawe, zilizojengwa na mafundi waliosifika mbali, kimebakiwa na wakazi wachache sana, kwani wengi walihamia mijini katika karne ya 20. Ribnovo, kilicho juu milimani katika manispaa hiyohiyo, kina zaidi ya watu 2,000. Wakazi wake ni Wapomaki, yaani Waislamu wanaozungumza Kibulgaria, na kwa miaka mingi tumbaku ndiyo iliyowaweka shambani, familia nzima ikishiriki kuchuma na kutunga majani.

Sababu nyingine ya watu wa Ribnovo kubaki, kwa maoni yangu, ni mshikamano uliopitia majaribu. Mwaka 1964 serikali ya kikomunisti ilipotaka kuwabadilisha majina ya Kiislamu, watu wa Ribnovo walikataa na kuwafukuza waliotumwa. Kampeni ilirudi kwa nguvu zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na majina hayo hayakurejeshwa hadi utawala huo ulipoanguka.

Kwa nini harusi za Ribnovo hufanyika majira ya baridi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu ndipo watu wanapokuwapo: kazi za tumbaku zimekwisha na vijana waliokwenda kufanya kazi mbali wamerudi. Bibi harusi hupakwa uso rangi nyeupe nzito, hubandikwa usoni vipande vidogo vya kumeremeta, kisha hufumba macho mpaka imamu awabariki maharusi.