Mwanangu, kuhusu huyo Voltaire

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako niliipata juzi usiku, nikaona hii si ya kujibu kwa kidole kwenye simu, ngoja nikae niandike. Unasema wanafunzi wako wa kidato cha tano wamekubana: hawa kina Voltaire, yule mwandishi wa Kifaransa wa karne ya 18, na Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyemtangulia, walioandika habari za akili na uhuru wa binadamu, huku Voltaire akiwaandika watu weusi kwa dharau na Locke akiwa na hisa kwenye kampuni iliyouza watumwa, kweli walibadilisha jamii au tunawasifia bure? Na mimi baba yako niliyekuwa namtaja Voltaire kila tukikaa kula, nasemaje?

Ninayo ya kusema, ila acha nianzie kwenye kesi maana miaka yote nimekaa masjala ya mahakama na ninachokijua ni majalada.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761, mji wa Toulouse, Ufaransa. Jean Calas, mfanyabiashara wa vitambaa, mzee wa miaka 60 na kitu, yuko juu na familia yake na mgeni wao, wameshakula. Mgeni anashuka aondoke, wanakuta mtoto mkubwa wa nyumba, Marc-Antoine, amekufa dukani chini, ana alama ya kamba shingoni. Familia yenyewe ni Waprotestanti kwenye mji wa Wakatoliki, watu wakajaa mlangoni, mara sauti moja ikatoka kwenye ule umati kwamba wamemuua wenyewe kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki, na basi, kesi ikawa ndiyo hiyo. Wazazi kwanza walisema wamemkuta chini ameuawa, baadaye ndiyo wakasema amejinyonga. Walificha kwa sababu maiti ya aliyejiua ilikuwa inaburuzwa barabarani watu wakiangalia, sasa niambie mzazi gani atakubali mwanawe afanyiwe vile. Lakini kule kuficha ndiko kulikowamaliza.

Aliyeona hayupo hata mmoja. Makanisani likasomwa tangazo kwamba mwenye alilolisikia aje aseme, wakaja, huyu kasikia kwa yule, yule kaambiwa na mwingine. Voltaire alikuja kuandika kwamba mahakama ile ilikuwa na hesabu yake, uvumi ni robo ya ushahidi, uvumi hafifu zaidi ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kwa hiyo ukikusanya uvumi wa namna hiyo nane unapata ushahidi kamili. Thumuni nane, mwanangu! Nikisoma hapo damu inachemka mpaka leo. Machi 1762 majaji 8 dhidi ya 5 wakamtia hatiani. Kabla ya kumuua wakamtesa ataje aliosaidiana nao, wakamvuta viungo, wakamnywesha maji kwa nguvu, mzee anasema sina kosa. Wakamvunja mifupa kwenye gurudumu hadharani, bado anasema sina kosa.

Na hapo ndipo namkumbuka baba yako mdogo kila mara. Wewe unaujua mkono wake wa kushoto, unajua na ule mtaa asioupita mpaka leo, lakini sidhani kama umewahi kusimuliwa yote. Cherehani ya jirani ilipotea, mtu mmoja akasema kijana huyu nilimwona anazungukazunguka pale, na walinzi wa mtaa wakaja kumchukua alfajiri. Walimfunga kwenye mwembe kwa kamba ya katani, mikono nyuma, wakaanza. Yeye hakuwa Jean Calas, alikuwa kijana mdogo ana maumivu, akasema nimeiba. Wakauliza umeificha wapi, akawaambia nimeifukia nyuma ya choo cha shule, wakaenda na majembe wakachimba, hamna kitu, wakarudi wakampiga tena kwa kuwadanganya. Akataja pahali pengine. Wakachimba na huko. Yaani mtu anabuni cherehani imefukiwa wapi ili apumzike dakika tano!

Bibi yako akafika na kanga yake moja, akasimama katikati yao, hakulia wala hakutukana, akauliza tu, nani kamwona anaibeba? Kimya. Akarudia, nimeuliza nani kamwona anaibeba. Nawaambieni tangu mko wadogo, anayemtuhumu mwenzake ndiye alete ushahidi, mmeshachoka kunisikia, basi maneno yale sikuyatoa kitabuni, niliyaokota pale chini ya ule mwembe. Cherehani ilikutwa baadaye, ndugu wa mwenyewe aliiweka rehani. Hakuna aliyekuja nyumbani kusema samahani. Hata mmoja.

Ndiyo maana miaka ya baadaye nilipokutana na Cesare Beccaria, yule Mwitaliano aliyeandika kitabu cha makosa na adhabu mwaka 1764, nilikaa kitako. Anasema kumtesa mtu ili aseme kweli ni njia ya uhakika ya kumwachia mhalifu mwenye mwili mgumu na kumtia hatiani asiye na kosa aliye dhaifu. Mtu wa Milano, kafa zamani huko, lakini ni kama alikuwepo anamwangalia mdogo wangu.

Sasa Voltaire. Habari za Calas zilipomfikia hakujua aamini upande gani, akamtafuta mtoto mwingine wa mzee Calas, huyo mtoto alikuwa amekimbilia Geneva, akamhoji, akaridhika, halafu akaanza kazi. Akaandika barua kwa wakubwa, akachangisha pesa, akatafuta mawakili, mwaka 1763 akatoa kitabu chake cha kuvumiliana. 1764 hukumu ikafutwa, na tarehe 9 Machi 1765 Calas akasafishwa jina, miaka mitatu kamili tangu wamhukumu. Mfupa hauungiki, najua. Lakini mwaka 1780 mfalme wa Ufaransa akapiga marufuku kumtesa mshtakiwa ili akiri, 1786 Toscana, kule Italia, wakafuta adhabu ya kifo kabisa, 1789 Wafaransa wakaandika kwenye tamko lao la haki kwamba mtu ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike. Na fungua Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 13(6), iliyoingizwa mwaka 1984, utaikuta hiyo hiyo, pamoja na marufuku ya kumtesa mtu.

Halafu najibishana mwenyewe. Mbona bibi yako hakumsoma Voltaire na swali aliuliza lile lile? Kwa hiyo akili hawakuileta wao, akili ilikuwepo kila mahali ambapo mama alisimama mbele ya wenye fimbo. Kweli. Ila swali la bibi yako liliishia pale pale uani kwa sababu hapakuwa na karatasi nyuma yake, na hawa walipigana mpaka swali likawa sheria, jaji atake asitake. Hiyo si ndogo, usiwaache wanafunzi wako waone ni ndogo. Lakini tena, sheria hiyo hiyo ya 1789 haikuvuka bahari mpaka Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti, watumwa walipigwa na kukatwa viungo kama kawaida mpaka walipoinuka wenyewe Agosti 1791, Paris ikafuta utumwa 1794 kwa kubanwa, Napoleon akaurudisha 1802, na watu wa Haiti wakauzika kwa damu yao mpaka uhuru wa 1804. Voltaire aliyemlilia mzee mmoja wa Toulouse, watu hao aliwaandika kama viumbe wa chini. Hilo silifichi na wewe usilifiche darasani. Anayetuhumu alete ushahidi, na hapa ushahidi upo, kauandika mwenyewe kwa mkono wake.

Unataka niseme kama tumweke au tumtupe. Hukumu ninayo, iko hapa kooni na inaniwasha kuitoa, lakini darasa ni lako na hao watoto ni wako, nikiisema utawapelekea maneno ya baba badala ya kuwapa jalada wasome. Wape kesi ya Calas, wape na alichoandika kuhusu watu weusi, siku hiyo hiyo, wabishane.

Na ukija likizo kaa na baba yako mdogo, muulize kwa nini alikubali kosa ambalo si lake. Ataeleza, siku hizi anaeleza. Usimkatize tu.

Baba yako