Kona ya Gia: Leseni ya Bongo na R125 ya Leicester

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, nipo huku Leicester, Uingereza, mwaka na miezi minne sasa, nafanya kazi ya kulea wazee, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na basi la kwanza linakuwa bado halijapita. Nyumbani nimepiga boda Tabata miaka mitatu, leseni yangu ya Tanzania ina daraja la pikipiki kabisa. Sasa nimeona Yamaha R125 ya mtumba, ya bluu, usingizi sipati. Anayeiuza anasema kwa vile nina leseni kamili naweza kuiwasha nikaondoka nayo. Wenzangu nao wananicheka eti 125 ya nini mtu mzima, nunua mashine. Nishauri kaka.

JIBU: Mdogo wangu, huyo muuzaji kakwambia nusu tu. Ni kweli leseni ya nyumbani inaruhusiwa Uingereza, lakini ni kwa miezi 12 tangu uingie kuishi, na wewe una miezi 16, kwa hiyo ukiiwasha leo ukaondoka nayo unaendesha bila leseni, na bila leseni hata bima uliyolipia inakuwa mashakani. (Na kama kuna gari unaendesha kwa leseni hiyohiyo, paki leo leo, sikuulizi zaidi.) Tanzania haimo kwenye nchi ambazo leseni yake unapeleka ukabadilishiwa juu kwa juu, kwa hiyo unaanza na lena, ile leseni ya mwanafunzi, kama mtoto wa shule, pauni 34 mtandaoni ilimradi kibali chako cha kukaa kinafika siku 185. Ukishaipata unaenda kwenye CBT, haya ni mafunzo ya siku moja, hayana kufeli kama mtihani ila mwalimu asiporidhika anakwambia rudi siku nyingine. Cheti chake kinadumu miaka 2 na kinakuruhusu pikipiki isiyozidi cc 125 na nguvu kilowati 11, yaani hiyo R125 yako kamili, lakini ubandike kibao cha L mbele na nyuma, usipakie abiria, usiingie motawei, zile barabara kuu za mwendo kasi.

Najua kibao cha L kinauma. Miaka mitatu ya Tabata, umepita na gunia mbili za mkaa na mama na mtoto wake kwenye matope, leo kijana mdogo kuliko wewe anakufundisha kugeuza shingo. Ila shingo ndiyo penyewe bwana. Sisi tuliotoka kwenye boda tunaongea kwa honi, huku wanataka uangalie nyuma ya bega kila kabla hujahama, na vioo peke yake havihesabiwi. Mimi nilifeli mtihani wa uwanjani, ule wa kwanza, wala sio kwa sababu nilianguka. Kuna sehemu unatakiwa ufike kilomita 50 kwa saa halafu ukwepe pembeni kama vile kuna kitu barabarani, mashine yao ikanisoma chini ya hapo, nikapewa nafasi nyingine bado sikufika. Boda mzima nimerudishwa nyumbani kwa kilomita chache tu, na mvua inanyesha.

Kuhusu kununua kubwa, kwa umri wako inawezekana, ukifika 24 unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye leseni kamili ya pikipiki zote, unafanya nadharia, uwanja, halafu barabara. Ila mimi ningekuwa wewe ningepiga CBT, nichukue hiyo 125, nile nayo baridi moja nzima, ndo niende mtihani. Baridi ya huku ina mambo yake, majani yaliyooza barabarani yanateleza kuliko matope ya masika, mistari myeupe ya rangi ikilowa ni sabuni, halafu wanamwaga chumvi barabarani isigande barafu na ile chumvi inakula cheni na bolti ukiacha wiki mbili bila kuosha. Bora ujifunzie hayo kwenye injini ya nguvu za farasi 15 kuliko 70. Afu kaa juu yake kabla hujalipa, kiti kipo juu karibu sentimita 82 na mikono inalala mbele, mtu aliyezoea kukaa wima kwenye Boxer viganja vitamuuma wiki ya kwanza.

Kwenye kununua, namba ya pikipiki ukiiingiza kwenye tovuti ya serikali unaona historia ya ukaguzi wa kila mwaka bure, maili zikirudi nyuma utaziona. Kadi yake, ile V5C, haimaanishi aliyenayo ndiye mwenye mali, linganisha namba ya fremu kwa macho yako, na dai funguo mbili. Mwenye funguo moja na bei poa, kimbia.

Ila pesa usimalizie kwenye pikipiki, bakiza ya kufuli. Yangu ya kwanza ilikuwa na loki ya usukani tu, nimeipaki mbele ya dirisha, kamera ya jirani ikaonyesha vijana wawili wanaibeba kama kitanda wanaitia kwenye kigari, hata dakika haikuisha. Sasa hivi nina mnyororo mzito kama wa ng'ombe dume, unapita kwenye tairi la nyuma na kwenye fremu hadi kwenye pete niliyotoboa sakafuni, na usiache ulale chini maana ukilala chini ni rahisi kuupiga au kuukata. Bima nayo waambie ukweli, kwamba unaendea kazini na unapaki wapi, na siku ukishawishika kupeleka watu pizza jioni ujue bima ya kawaida haihusiki, hiyo ina bima yake. Ukikamatwa bila bima ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na chombo wanakibeba.

SWALI: Mwanangu yupo Uingereza kanunua pikipiki ya kuinamia kama ya mashindano. Nimemkataza hasikii. Nifanyeje? Mama, Tanga.

JIBU: Shikamoo mama. Kumkataza kwa simu kutoka Tanga hutaweza, na helmeti atavaa tu kwa sababu polisi wa huku hawana mchezo. Wewe muulize vingine. Mwambie akupigie video akiwa anatoka kazini, umwangalie miguuni, kama amevaa raba mgombeze, anatakiwa buti zinazofunika kifundo. Halafu mwambie aonyeshe viganja vya glavu na viwiko vya koti kama vina vile vigumu ndani. Vijana wanatoa vile vigumu mama, wanasema vinawanenepesha.