Vipele vigumu chini ya macho: kukamua hakusaidii

SWALI: Nina miaka 34. Chini ya macho yote mawili nimeota vipele vidogo vigumu, haviwashi wala haviumi. Nimevikamua, hakitoki kitu. Nimeambiwa ni mafuta yaliyoganda, nipake kitunguu saumu. Ni kweli?

JIBU: Si mafuta. Neno hilo ndilo linalowaponza watu, maana akishaamini kuna kitu kimeganda ndani, mtu hatulii mpaka akitoe.

Simama penye mwanga wa dirisha uangalie rangi. Kipele cheupe, mviringo, cha milimita 1 hadi 2, ni milia: kifuko kilichojaa keratini, protini ileile ya kucha, na hakina tundu la kutokea. Daktari hupasua ngozi ya juu kwa ncha ya sindano tasa, kiini kikatoka kizima. Kama vina rangi ya ngozi yako au umanjano kidogo, na vimetapakaa kope zote mbili za chini, yaelekea ni siringoma, yaani vijimirija vya jasho vilivyokua kupita kiasi. Hivyo hata ukamue mwaka mzima, hamna cha kutoka. Huchomwa kwa umeme au leza, na huweza kurudi. Havina madhara, ukiviacha, sawa tu.

Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi hadi malengelenge, na hapo chini ya jicho ngozi ni nyembamba mno. Kwenye ngozi nyeusi jeraha hilo huacha baka la miezi mingi. Krimu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, nazo hupunguza unene wa ngozi, na zenyewe zinaweza kuleta milia!

Anayeuza dawa moja ya "vipele vyote" hajui anachotibu. Kipele laini chenye kishimo katikati kama kitovu ni molaskamu, ugonjwa wa virusi: kukikamua ni kuvisambaza. Sunzua bapa, vipele vingine vya virusi, nazo huota kwa mstari pale wembe au kucha zilipopita. Mtu mzima aliyejaa molaskamu usoni apime VVU kabla ya kununua krimu yoyote. Na kipele kinachong'aa, kinachotoa damu, kikafunga, kikatoa tena kwa zaidi ya wiki 4, kinaweza kuwa saratani. Muuzaji huyo wa dawa moja kakipaka asidi, kimeungua. Siku mgonjwa anapofika hospitali, juu kuna kovu, na chini yake uvimbe unaendelea kukua.