Fundi Programu Anajibu: testi tatu zimefeli, kosa liko mstari gani?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi niko Ngamiani hapa Tanga, natengeneza programu ya mnada wa samaki kwa bwana mmoja pale Deep Sea, inaandika nani kaleta mzigo, nani kanunua, kamisheni ya dalali na madeni. Nina testi 10 (vijiprogramu vya kujaribu kama programu inajibu sawa), saba zinapita tatu zinafeli, deni linakuja sio. Nimeanza kusoma programu toka mstari wa kwanza mpaka macho yanauma, hakuna njia kompyuta yenyewe inioneshe kosa lilipo?

JIBU: Ipo mdogo wangu, na hiyo ya kuanzia mstari wa kwanza achana nayo. Watu wengi wakiona nyekundu, yaani testi zimefeli, wanakodolea macho zile tatu tu, zile saba wanaziacha, kumbe hizo saba ndo zinazokupunguzia washukiwa. Washa kifaa cha kurekodi kila testi imepitia mistari gani ya programu, kama unatumia Python kuna coverage.py, Java kuna JaCoCo, halafu hakikisha kinarekodi testi moja moja sio jumla, maana jumla haikusaidii kitu hapa. Ukishapata hiyo rekodi unauliza kila mstari: umepitiwa na testi ngapi zilizofeli, na ngapi zilizopita?

Tuseme mstari wa kupunguza deni mtu akilipa nusu umepitiwa na zote tatu zilizofeli na moja tu iliyopita. Mstari wa kufungua hifadhidata umepitiwa na zote 10. Kuna kanuni ya Ochiai: chukua idadi ya testi zilizofeli zilizougusa mstari huo, gawanya kwa kipeuo cha pili cha (zilizofeli zote mara jumla ya testi zote zilizougusa mstari huo, ziwe zimefeli au zimepita). Mstari wa deni ni 3 gawanya kwa kipeuo cha 12, kama 0.87. Wa hifadhidata ni 3 gawanya kwa kipeuo cha 30, kama 0.55. Basi unaanza na wa deni, hifadhidata iache kwanza, ingekuwa mbovu yenyewe hizo saba zingepitaje?

Na hii watu wa Deep Sea mtaipenda, huyo Ochiai hakuwa mtu wa kompyuta kabisa, alikuwa msomi wa samaki Japani, kanuni yake ya 1957 ilitoka kwenye utafiti wa jamii ya gayogayo, aina gani zinapatikana sehemu zipi. Watu wa programu wameichukua miaka mingi baadae. Kabla hawajaichukua, 2002, kina Jones, Harrold na Stasko wa Georgia Tech kule Marekani walishatoa kifaa cha Tarantula, kinapaka mistari rangi, nyekundu ndo ya kushukiwa na kijani iko salama.

Ila usije ukadhani orodha inamaliza kazi. 2011 watafiti Parnin na Orso waliwapa waandishi wa programu orodha za namna hii wakawaangalia wanavyozitumia, na msaada haukuwa mkubwa kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mtu ukimwonesha mstari mbovu peke yake halioni kosa mpaka aelewe kilichotokea kabla yake. Kwahiyo soma na jirani zake. Na kama wiki iliyopita deni lilikuwa sawa, tumia git bisect (amri ya Git, kifaa cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu) na testi moja inayofeli, inakata historia katikati kila mara, mabadiliko 1000 unayamaliza kwa kama hatua 10 tu.

SWALI: Mambo fundi, niko Chumbageni. Mimi testi zangu zote kijani, zinapita, ila mteja analalamika mauzo ya usiku yanaingia tarehe ya jana. Niangalie wapi?

JIBU: Angalia saa ya seva, ile kompyuta inayoendesha programu yako. Seva nyingi zinatumia saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3, kwahiyo mtu akiuza saa saba usiku huku Tanga, kule seva bado ni saa nne usiku ya jana. Laptopu yako iko kwenye saa za hapa ndo maana testi zinapita bila shida. Hapa hata ile kanuni ya juu haikusaidii, maana mstari wa tarehe ni uleule mchana na usiku, kinachobadilika ni data tu. Dawa yake, endesha testi laptopu ikiwa kwenye UTC, halafu weka mauzo ya mipakani: saa sita usiku kasoro dakika moja, saa sita kamili, saa tisa kasoro dakika moja, saa tisa kamili. Zile mbili za katikati zikifeli na za pembeni zikapita, ushampata mwizi.

Lakini kabla hujarekebisha muulize mteja, mzigo uliotoka baharini usiku wa kuamkia Jumamosi yeye anauhesabu wa siku gani? Kuna wafanyabiashara wanauweka kwenye hesabu ya Ijumaa, na hapo utajikuta unarekebisha kitu ambacho kwake hakijaharibika.

SWALI: Kaka, nipo Pangani. Nina testi moja leo inapita kesho inafeli na sijagusa kitu!

JIBU: Iendeshe peke yake mara nyingi. Ikipita peke yake ila ikifeli ikiwa na wenzake, kuna testi imeacha data nyuma, changanya mpangilio utaijua ni ipi. Ikifeli hata peke yake, tafuta mtandao, saa au namba za bahati nasibu ndani yake. Na mpaka uitengeneze usiiingize kwenye hesabu ya Ochiai, itakufanya ushuku mistari isiyo na hatia.